Nilivyochukua Kichwa cha Mtani Wangu Lusail

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki na mimi nikatolewa darasa la pili kwenda kukata mkonge Makanya. Hapo ndipo shida zangu zilipoanza. Mkonge ulinichoma mikono mpaka ikawa haichomeki tena. Nikabeba mawe ya jasi, nikauza tangawizi kwa debe, nikanunua mashine ya kusaga iliyokufa nikaifufua. Kusoma nimejifunza kwenye maandishi ya magunia. Nasema haya mwanzoni ili mjue anayeandika ni mtu wa namna gani, hakutumwa na mtu wala hakusomeshwa na mtu.

Mmeniuliza sana pale mashineni, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja nimemjibu nusu. Sasa naandika mara moja, mgawane.

Nilikwenda Doha kumrudisha binti yangu Mwajabu. Hilo ndilo lililonipeleka, sikwenda kutembea. Nina watoto watatu, na Mwajabu ndiye pekee mwenye kichwa cha biashara. Wale wawili wa kiume ni watoto wazuri, lakini ukimwachia mmoja mashine asubuhi, jioni utakuta mkanda umekatika na yeye yuko kwenye mpira. Mwajabu alikwenda Qatar kuwa mlinzi wa hoteli huko West Bay. Tulikubaliana akae miaka miwili, kisha arudi ashike mashine. Miwili ikapita, wa tatu ukapita. Siku moja jirani yangu fundi cherehani akaniletea simu yake, ndani yake mwanamke anaanguka kutoka juu ya mnara na mgongo wake unawaka moto.

"Mzee Senkondo," akaniuliza, "huyu si Mwajabu?"

Nikasema si yeye. Nilijua ni yeye, kwa jinsi alivyokunja goti.

Nilimpigia simu na hakukana. Ameacha ulinzi, sasa anafanya hatari kwenye filamu za mambo ya anga, zile za watu wa nyota nyingine na vita vya karne ambazo hazijafika. Stelingi akitakiwa kuanguka, stelingi anakaa pembeni anakunywa maji, na mwanangu anaanguka badala yake. Nikamwambia arudi nyumbani.

"Baba, njoo uone kwanza, ndipo unikataze," akasema.

Nikamjibu nakuja, na tutarudi wawili. Wadogo zangu na mama yake niliwaambia hivyohivyo. Habari za pasipoti na karatasi siziandiki, hazina utamu.

Same hadi uwanja wa ndege

Niliondoka kwa lori la rafiki yangu anayepeleka vitunguu Arusha. Sikuona haja ya kulipa basi wakati lori linapita njia ileile. Nilivaa kanzu mpya na koti, na kwenye sanduku nikaweka tangawizi ya kwetu Mamba, maharage, na kopo kubwa la makande aliyopika mama Mwajabu. Tulipata pancha kabla ya kufika njia panda ya uwanja wa ndege, tukakaa kando ya barabara mpaka koti likanuka vitunguu. Kutoka hapo nilipanda bodaboda, sanduku limekaa mbele kwa dereva kama mtoto.

Pale wanapokagua mizigo dada mmoja akafungua kopo.

"Babu, hiki nini?"

"Makande."

"Yana mchuzi mwingi, hayapiti na mkoba wa mkononi."

"Yatapita," nikasema. Nikakaa kwenye benchi lililokuwa pale karibu, nikayala yote. Yule dada aliniangalia mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama yalikuwa na nazi. Nikamwambia Upareni hatupiki kwa ubahili wa Dar, yana nazi na siagi. Akacheka akanisaidia kufunga sanduku.

Halafu ndege ikachelewa. Tulitangaziwa kwanza kwa Kiingereza, watu wakalalamika, kisha kwa Kiswahili, watu wakalalamika tena kama ndiyo wanasikia mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimeshiba, nililala.

Angani

Ndani ya ndege nilikaa na mama mmoja wa Tanga anayefanya kazi za nyumbani huko Doha, alikuwa anarudi kutoka likizo. Alinifunga mkanda bila kuniuliza kama najua kuufunga. Nilikuwa sijui, lakini angeuliza.

"Unakwenda kwa nani, Mzee wangu?"

"Kwa binti yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Ana kazi," nikajibu.

Akaelewa kwamba mlango umefungwa, akahamia kwenye habari za chakula. Akaniambia wali wa kule wanaupika na nyama na ndimu kavu nzimanzima, nisije nikaitafuna ile ndimu nikadhani ni kipande cha ini. Nilishukuru baadaye. Watu wazima wengi wametafuna ndimu ile, amenihakikishia.

Al Wukair

Mwajabu alinipokea akiwa amevaa baibui na raba. Amekonda usoni, mabega yamepanuka kama ya mpiga kasia. Alinishika mkono akasema shikamoo, akaninusa.

"Baba, umekuja na lori la vitunguu?"

"Lilikuwa linapita."

"Nilijua. Nauli ya basi umeiweka wapi?"

Hajabadilika, nikasema moyoni. Tangu mdogo ni mbishi. Akiwa darasa la kwanza alinishitaki kwa mjumbe wa nyumba kumi kwa sababu nilimwahidi viatu vyeusi nikamletea vya kahawia, na mjumbe akampa haki.

Anakaa Al Wukair, katika nyumba anayochangia na nesi wa Kenya anayeitwa Wanjiku. Ni mtaa mpya, nyumba nyeupe zinafanana zote, na mchana hakuna mtu nje. Joto la kule linakuja kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja. Wanjiku alinifungulia mlango akanipa mkono: "Mzee, karibu sana, jiskie uko home." Hakuniamkia shikamoo. Nilimsubiri kidogo, haikuja. Mwajabu akaniambia Wakenya ndivyo walivyo, hana kiburi. Kweli, jioni aliniletea chai ya karaki, ile ya maziwa mazito na iliki, akakaa kunisikiliza miguu inavyouma, akanikanda kifundo. Shikamoo yake niliihesabu hapo.

Tulipokula, nilisema nililokuja nalo. Mashine zinakungoja. Mimi nazeeka. Kazi ya kuanguka si kazi, mtu haanguki miaka yote akaamka.

"Baba, sianguki ovyo," akasema Mwajabu. "Nina mikanda mwilini, kuna kamba, chini kuna godoro la upepo. Na kamba yangu anaishika mtu mmoja tu, Elisante. Ndiye aliyenifundisha. Bila Elisante sipandi, hata nani aniambie."

"Kweli hapandi," Wanjiku akaongeza. "Siku moja huyo jamaa alikuwa na homa. Wakaleta mtu mwingine, huyu dada akakataa, wakatoka location wote. Watu walikasirika vibaya."

Mimi nikalishika hilo neno, bila Elisante sipandi. Nikalala nalo.

Treni isiyo na dereva

Kesho yake kulikuwa na mkutano wa wapenzi wa filamu za anga huko Lusail, mji mpya wa kaskazini. Mwajabu na wenzake walialikwa kukaa mezani wapigwe picha na watu, na jioni waonyeshe kazi. Tulipanda treni kutoka Al Wakrah, mji wa jirani. Treni ile haina dereva. Nilikwenda mpaka mbele kabisa kuhakikisha, nikakuta kioo tu na Wahindi wawili wanapiga picha reli. Nilisimama pale njia nzima. Kama angetokea mtu barabarani, nani angepiga honi? Mwajabu anasema hakuna barabara, tuko chini ya ardhi. Nikamwambia hilo ndilo baya zaidi.

Kadiri tulivyokaribia Lusail, ndivyo walivyoingia watu wa ajabu. Aliingia kijana aliyejipaka rangi ya kijani mpaka kwenye masikio. Akaingia baba mmoja na wanawe, wote wana antena kichwani, wamekaa kwa adabu. Mama wa Kifilipino alikuwa na mabawa, akampa mtu nafasi yake kwa sababu mabawa hayakaliki. Hakuna aliyecheka. Mimi na kanzu yangu na koti ndio tuliotazamwa.

"Wanadhani na wewe umevaa kama mtu wa filamu," Mwajabu akaninong'oneza.

Ukumbini

Ukumbi ule ungeweka soko la Same lote na nafasi ikabaki. Mwajabu akaenda kwenye meza yake, mimi nikatafuta chai. Nikaona mstari mrefu wa watu watulivu, nikajua ndiyo chai, nikajipanga. Mstari ukasogea polepole. Nilipofika mbele nikamkuta mzee wa Kimisri mwenye ndevu nyeupe, akanikumbatia, mtu akatupiga picha, nikasukumwa pembeni kwa upole. Chai hakuna.

Mwajabu alikuwa kwenye meza iliyofuata, anacheka mpaka anashika ubavu. Akatutafsiria. Yule mzee anaitwa Fathi, na umri wake wote amekuwa mwigizaji wa pembeni.

"Anasema kazi yake ni kufa mapema ili stelingi akasirike."

"Muulize, yeye mwenyewe hakasiriki?"

Mzee Fathi alifikiri sana kuhusu hilo. Akajibu kwamba zamani alikasirika. Akagundua stelingi hubaki kazini mpaka usiku wa manane, yeye akishakufa anakwenda nyumbani kula. Nikampenda mzee yule. Tulikula tende zake, tukaelewana kwa Alhamdulillahi na kwa mikono.

Meza ya Mwajabu nayo ilikuwa ya watu wa aina hiyo wote, ambao sura zao huzioni. Mwajabu anasaini picha ambazo mgongo wake ndio unaonekana. Watu wanapanga mstari, wanamwambia, wewe ndiye uliyeanguka kwenye mnara. Anasema ndiyo. Wanampa mkono kwa heshima. Niliona, na nimesema nitaandika nilichoona.

Mwisho wa meza alikaa mtu amevaa mwili wa dubwana wenye mikono sita, na kichwa chake cha mpira, cha macho matatu, amekiweka mezani mbele yake. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kidogo, kina jasho.

"Baba, huyu ndiye Elisante," Mwajabu akasema, akarudi kwa watu wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Elisante wa wapi?"

"Rombo."

"Mchaga?"

"Mchaga, Mzee. Nilikuwa naosha vioo vya maghorofa West Bay kwa kamba, ndiyo nikaingia huku. Na Mzee ni wa Same, kwa hiyo ni..." Uso wake ukafunguka. "Mpare. Jamani, Mwajabu ameniletea Mpare mzima. Mzee umekuja kumshitaki nani hapa Doha?"

"Wewe. Kwa kosa la kukaa nchi isiyo na ndizi wala pombe ya mbege ukaacha mji wako mpaka Desemba."

Tukashikana mikono kwa kicheko. Sasa, ninyi mnajua utani wetu na Wachaga. Nilimtazama, nikatazama kichwa kile mezani, nikakichukua. Nikakiweka kwapani nikaondoka. Mkono ulifanya kabla ya akili, kama ambavyo ungefanya msibani kwa Mchaga yeyote au sokoni Mwanga. Unachukua kitu cha mtani, unakwenda nacho, naye anakufuata aulize bei yako. Ndivyo tulivyolelewa.

Elisante hakunifuata. Alikaa pale anacheka na mikono yake sita.

Chumba cha walinzi

Nilikuwa nimefika mlango mkubwa wakati mlinzi aliponisimamisha. Alikuwa Mkenya, shati lake limeandikwa Wekesa.

"Mzee, pole. Hiyo kitu unaenda nayo wapi?"

"Ni ya mtani wangu."

"Amekupatia?"

"Hajanipa. Nimechukua."

Akanitazama vizuri, akaniomba nimfuate. Tukaingia chumba kidogo chenye runinga nyingi za kamera, nikajiona kwenye mojawapo, mzee wa kanzu anatembea na kichwa cha dubwana, hana wasiwasi hata kidogo. Akaja mama wa Kilebanoni, msimamizi wa mkutano, amekasirika. Kichwa kile kimetengenezwa ng'ambo kwa muda mrefu na kilikuwa na kazi jioni ile. Akataka polisi waitwe.

Wekesa, nimpe haki yake, alisema tumuulize kwanza mwenye kitu. Akapiga redio. Nikasikia sauti ya Elisante kwenye redio, wazi kabisa: "Mzee wa kanzu? Simjui. Ni Mpare? Mfungeni, hao tunawajua."

Huo ni utani safi, ningekuwa yeye ningejibu vilevile. Lakini Wekesa ni wa Bungoma, utani wetu haujui, akauandika kama ulivyo.

Ndipo Mwajabu akaingia mbio, uso umepauka. Akamwambia yule mama mimi ni baba yake. Yule mama akamjibu jambo kwa Kiingereza. Nikamuuliza amesema nini. Mwajabu akanitafsiria: kama ni baba yako, basi na wewe hutaalikwa tena. Mwajabu akatoka kumfuata Elisante.

Alikuja akikimbia ndani ya ule mwili wa dubwana, mikono sita inapiga mlango pande zote. Alikuwa hacheki tena.

"Huyu ni mtani wangu," akamwambia mama kwa Kiingereza, na Wekesa akawa ananitafsiria kila neno kama mahakamani.

"Madam anauliza, mnajuana?"

"Tumejuana leo," Elisante akasema.

"Basi anauliza, huyu si mwizi?"

"Hapana. Ana ruhusa ya kuniibia."

"Madam anauliza, nani alimpa ruhusa?"

"Babu yangu," akasema Elisante.

"Na babu yangu akampa ya kwake," nikaongeza, ili haki ikae pande zote.

Wekesa akashusha kalamu. "Sasa wazee, hii mimi naandika nini kwa ripoti?"

"Andika Mzee alinisaidia kubeba kichwa," Elisante akasema.

Yule mama alitutazama mmoja mmoja. Kisha akashika paji la uso, akasema neno la Kiarabu ambalo Wekesa hakulitafsiri, akaondoka. Wekesa akaandika. Mwajabu alikuwa ameshakwenda kujiandaa, tukabaki mimi, Elisante na Wekesa, na kichwa mapajani mwangu.

"Haya, Mpare," akasema kwa kupumua. "Umenitoa jasho la mwaka. Sema bei yako nichukue kichwa changu."

Alitegemea niseme soda, au jogoo nikifika kwao. Ndiyo bei za watani. Mimi nilikuwa na bei nyingine, ilikuwa imelala nami Al Wukair.

"Leo usishike kamba ya mwanangu," nikasema.

Akakaa chini. "Mzee, hilo si la utani."

"Umeuliza bei. Nimetaja."

Mnajua ilivyo. Mtani akiuliza bei mwenyewe, mbele ya mtu, na ikatajwa, hana pa kutokea. Elisante alitazama sakafu, akajua ninachofanya, na akajua nimekifanya kwa sheria yetu sote wawili.

"Umenibana," akasema. "Sawa. Siishiki."

Nikampa kichwa chake.

Mikanda

Mwajabu aliambiwa akiwa tayari amevaa mikanda, chini ya mnara wa vyuma waliousimamisha katikati ya ukumbi. Watu walikuwa wameshakaa. Nilisimama hatua chache nikisubiri vita. Nilikuwa nimeandaa majibu yote: la mashine, la mama yake, la umri wangu. Nilitaka kabisa abishe. Nimezoea kumshinda au kushindwa naye, yote ni mazuri.

Hakubisha. Alimsikiliza Elisante, akanitazama mara moja, akaanza kufungua mikanda. Akaikunja mmoja mmoja, akaiweka kwenye begi, akafunga zipu. Akavaa baibui yake. Akaja.

"Twende, Baba. Umeshinda."

"Hukasiriki?"

"Sikasiriki. Nimechoka. Twende nikapange nguo."

Alisema kwa sauti ya mtu wa dukani anayekujibu bei. Akachukua begi, akatangulia, akasimama ananisubiri kama mtoto wa shule.

Mwajabu hajawahi kunitii bila kubishana tangu azaliwe. Nilichokijia ndicho kile, kimesimama na begi mkononi, na nikaogopa. Nilijiona nampeleka mtu huyo Same, nampa funguo za mashine, ananiambia sawa Baba kila siku mpaka nife. Ningemleta binti, lakini yule aliyenishitaki kwa mjumbe angebaki pale sakafuni.

Nikamwambia ngoja hapo. Nikarudi kwa Elisante.

"Nairudisha bei," nikasema.

"Bei hairudishwi bure, Mpare, unajua vizuri." Alikuwa bado ana hasira kidogo, lakini jicho lilikuwa limeanza kurudi kwake. "Umeniua mbele ya watu. Mtu akiuawa analipwa fidia."

Akaanguka. Pale pale, chali, mikono sita imetawanyika, ulimi nje, kama watani wafanyavyo makaburini wakizuia maziko mpaka walipwe. Watu wakasimama, simu zikainuka, wakadhani onyesho limeanza. Mzee Fathi alisogea kumtazama kifundi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikatoa sarafu mfukoni, nikaiangusha sakafuni karibu na sikio lake. Mchaga hajafa kweli mpaka asikie sarafu akanyamaza. Akafungua jicho moja.

"Ya Tanzania hiyo," akasema. "Siamki."

"Sema fidia yako."

Akakaa. "Sisi tukifanya kazi, mtu wa chini anauliza, tayari? Wa juu akijibu tayari, wa chini anasema haya. Bila haya, haanguki, anashuka kwa ngazi. Kamba nitashika mimi. Neno utasema wewe."

Neno

Mwajabu alivaa tena mikanda bila kuniambia kitu. Elisante akamkagua, kifungo kwa kifungo, akiita jina la kila kifungo kwa sauti na Mwajabu akiitikia. Nilivuta ile kamba mimi mwenyewe kwa nguvu zangu zote, nikasema ni nyembamba mno. Elisante akasema inabeba gari. Nikasema gari gani. Akasema lori lako la vitunguu. Mwajabu akapanda ngazi mpaka juu.

Kule juu alikuwa mdogo. Taa zikazimwa, ikabaki moja juu yake. Elisante alikuwa pembeni yangu, mikono yake miwili ya kweli kwenye breki ya kamba, mingine minne inaning'inia. Akaniashiria kwa kichwa.

"Tayari?" nikauliza.

Mwajabu alitegemea sauti nyingine. Kisha jibu likaja kutoka juu, "Tayari, Baba."

Nilikuwa na njia rahisi kabisa, kunyamaza. Nikinyamaza angeshuka kwa ngazi, na hakuna sheria ya utani inayomlazimisha mtu kufungua kinywa mbele ya kaburi. Elisante hakunihimiza. Watu wote wale hawakujua tunangoja nini. Niliiona tena ile mikanda ikikunjwa, ile zipu.

"Haya," nikasema.

Akaja chini mgongo mbele, mikono wazi, na karibu na godoro kamba ikamzuia kidogo akalala juu yake kama mtu anayekaa kitandani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishikilia mkono mmojawapo wa mpira wa Elisante, naye akaniacha niushike.

Mwajabu alitoka kwenye godoro akija moja kwa moja kwangu.

"Baba, kwa nini umekawia? Juu kule kuna joto la taa. Na nani amekwambia uvute kamba ya watu? Hiyo inapimwa kwa mashine. Na ile biashara ya kunifanyia hila kwa mtani, nitakushitaki kwa shangazi zangu wote."

Alinigombeza kwenye treni mpaka Al Wakrah, na kwenye teksi mpaka Al Wukair, na Wanjiku alipofungua mlango akaanza upya ili Wanjiku asikie toka mwanzo. Nilijibu kila hoja. Hakuna aliyeshinda.

Kurudi

Nilikaa siku nyingine chache, nikala ule wali na nikaikwepa ile ndimu. Swali la kurudi nilimuuliza mara moja, kwa utulivu. Akasema kurudi atarudi, lini hajui, na nisimpangie, na mashine nitafute mtu nimlipe vizuri badala ya kungoja watoto kama mtu anayengoja mvua. Nikamwambia sitaajiri mtu. Akasema basi usinilaumu mimi. Elisante alikuja uwanjani kuniaga, akajaribu kuondoka na sanduku langu. Mlinzi wa pale alikuwa Mnepali, hakushughulika.

Nilirudi peke yangu. Ndugu waliuliza, nikawajibu kwamba nilikwenda na nimeona. Baadhi yao wamenicheka kwamba nimeshindwa na msichana. Waacheni wacheke.

Leo mali yangu ni hii. Nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Same, na nyingine ya kupangisha Hedaru. Mashine mbili za kusaga na moja ya kukoboa. Shamba la tangawizi Mamba. Ng'ombe watano wa maziwa. Pikapu moja, kuukuu. Mwajiriwa mmoja, nimemchukua mwezi uliopita, anaanza kuzoea, mkanda haujakatika. Mke mmoja. Watoto watatu, wawili wako hapa, na mmoja yuko Doha anaanguka kwa mshahara, na mtani wangu ndiye anayemshikia kamba.

Deni sina.